Ukitaka kuutambua mulga, tazama mche wake kwanza

Mulga (Acacia aneura), mgunga wa nyanda kame za ndani ya Australia, huwachanganya wengi kwa sababu mti mkubwa hauna majani ya mgunga tuliyoyazoea. Inama chini yake, tafuta mche mchanga kabisa. Majani yake ya kwanza yana vijani vidogo vilivyopangika kama unyoya, na hapo ukoo wake unajionyesha wazi. Baadaye mche huacha kutoa vijani hivyo. Vikonyo vyenyewe, yaani vijiti vinavyoshikilia majani, hupanuka vikawa bapa, vyembamba, vya kijani-kijivu, na ndivyo tunavyodhani ni majani. Ukibahatika, utakuta mche mmoja wenye aina zote mbili, wakati mwingine unyoya ukiwa bado umening'inia kwenye ncha ya kikonyo kilichoanza kupanuka. Napenda sana kuona hivyo! Vikonyo hivyo, pamoja na matawi, huelekea juu: jua kali la mchana haliviangukii moja kwa moja, na mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye shina hadi mizizini.

Njia hii hukwama wakati wa ukame mrefu, maana miche huota hasa baada ya mvua kubwa, na pia pale kondoo au sungura walipoimaliza. Isitoshe, mche hukuambia tu kwamba huu ni mgunga. Kuutofautisha mulga na baadhi ya ndugu zake, subiri maua: ya mulga ni ya manjano, yamejipanga kama kishungi kirefu, si kitufe cha mviringo.