Filta ya Fanesi: Bei Kubwa Isikudanganye

Ndugu zangu mnaofunga mizigo Nairobi kwenda Marekani au Kanada mmeshapekua majaketi yote ya Toi na Gikomba, na hapo mmefanya vyema. Sasa kuna fanesi, mashine inayopasha nyumba nzima joto. Mara nyingi iko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, au kwenye kabati dogo kando ya korido. Inavuta hewa ya humo humo ndani, inaipitisha kwenye filta, yaani chujio la vumbi, inaipasha moto na kuisukuma vyumbani. Filta ikiziba, mnalala na makoti. Na Januari ya Minneapolis inaweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Si Julai ya Nairobi ya kujifunga leso mabegani na kuomba chai nyingine.

Kuipata si kazi. Fuata bomba pana linalorudisha hewa kwenye mashine. Filta imechomekwa pale linapoingilia. Kama haipo, fungua ile grili, yaani kifuniko chenye matundu, kubwa ya ukutani au darini inayovuta hewa. Zima mashine, chomoa ya zamani, ingiza mpya mshale ukielekea upande wa fanesi. Saizi imeandikwa ubavuni kwa inchi, kwa mfano 16x25x1. Ukipima utakuta imepungua kidogo. Ndivyo zinavyotengenezwa, wewe nunua kwa namba iliyoandikwa.

Mtego uko dukani. Sisi tumefundwa na maduka ya spea ya Kirinyaga Road: cha bei ya chini ni feki, toa pesa ulale usingizi. Kule akili hiyo itakuponza. Filta zina daraja linaloitwa MERV. Namba ikipanda, inanasa vumbi jembamba zaidi, lakini hewa nayo inapita kwa taabu zaidi. Filta nyembamba ya inchi moja yenye MERV 13 inaweza kuikaba fanesi ya zamani. Mashine inachemka kupita kiasi, swichi ya usalama inazima moto, feni inabaki ikipuliza baridi, kisha moto unawaka tena, unazimika tena. Filta mpya kabisa, safi kabisa, na nyumba haipati joto.

Mimi niliuziwa ya juu kuliko zote, muuzaji akiniuliza kama nayajali mapafu ya watoto wangu. Baridi ilipokaza, fundi aliyeitwa hakuigusa filta. Alimulika tochi ndani, akatangaza kwamba chuma cha ndani kimepasuka, kinavuja gesi ya sumu, na tununue mashine mpya siku hiyo hiyo. Fomu ya mkopo alikuwa nayo tayari. Fundi wa pili alichomoa filta, akaweka ya MERV 8, moto ukakaa. Fundi wa Nairobi atakupandishia bei ya spea, lakini mtabishana mpaka mwafikiane. Yule wa kule anatabasamu, anakuita kwa jina lako la kwanza, anakuuzia hofu kwa mkopo wa miaka. Nawasifu kwa utaratibu, maana namba ile ile ya filta utaipata duka lolote, ila biashara yao ya kutishana sijaizoea.

Kwa hiyo narudia: angalia kijitabu cha mashine kinaruhusu MERV ngapi. Kama hakipo, MERV 8 inatosha nyumba nyingi. Narudia tena: fundi asiyeitazama filta kwanza asikuuzie chochote. Akisema chuma kimepasuka, mwambie akuonyeshe kwa picha, halafu ita mwingine. Lakini kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, ikilia, huo si ujanja wa mtu: tokeni nje wote, kisha piga 911. Na jiko la makaa lisiingie ndani hata siku moja, hata fanesi ikifa.

Shangazi zetu mnaokuja kulea wajukuu, tunawapenda, ila msisukume kochi likaziba ile grili ati inaleta upepo. Hapo ndipo nyumba inapovutia pumzi. Nanyi mnaoshauri kwa simu kutoka Donholm, "si uioshe uianike?": ya karatasi haioshwi. Kuiondoa kabisa ni vibaya zaidi, vumbi litaganda kwenye feni.

Ya inchi moja itazame kila mwezi, hasa ukiwa na paka au wapishi wa chapati kila jioni. Isipite miezi mitatu. Zile nene za inchi nne hukaa miezi 6 hadi 12. Ukipanga, soma mkataba ujue nani anazibadilisha, maana hakuna mlinzi wa ploti wa kumtuma. Siku ya kupewa funguo, piga picha ubavu wa filta iliyomo, namba na mshale vionekane, umtumie mwenye nyumba kwa barua pepe.