Kuhesabu gesijoto za nishati mkoani Mtwara: weka mpaka kabla ya kufungua jedwali

Mwongozo huu ni wa afisa mazingira wa halmashauri, mwanafunzi, au yeyote aliyepewa kazi ya kujua mkoa unatoa gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) kiasi gani kutokana na nishati. Unahitaji Excel, barua ya utambulisho na subira. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kujumlisha tu. Kinachotoa jasho ni kutenganisha kilicho cha Mtwara na kinachopita njia.

Hatua ya 1: Mpaka

Mtwara ni mkoa wa kupitisha. Meli hushusha mafuta bandarini, kisha malori huyasambaza hadi Lindi na Ruvuma. Makaa ya mawe ya Ruvuma hushuka kwa barabara kuja kupakiwa melini. Gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba, na tangu 2015 kuna bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Ukijumlisha vyote hivi utaubebesha mkoa mzigo wa watu wengine.

Kanuni ni moja: hesabu kilichochomwa ndani ya mkoa. Makaa yanayopanda meli si yako, bali dizeli ya malori yanayoyaleta ni yako kwa kipande cha barabara kilicho mkoani. Mafuta ya meli za kimataifa andika pembeni, nje ya jumla. Umeme nao una mtego wake. Kituo cha gesi cha Mtwara kimelisha Lindi pia kwa miaka mingi, lakini moshi wote ni wa Mtwara kwa kanuni hii. Anayehesabu Lindi aweke mstari wa "umeme uliotoka nje ya mkoa", na mkiunganisha mikoa miwili, mstari huo ufutwe. Usipofutwa, gesi ileile itahesabiwa mara mbili.

Hatua ya 2: Takwimu

TANESCO watakupa gesi iliyotumika na umeme uliozalishwa. Omba vyote viwili. Kwa petroli na dizeli, pata mauzo ya sheli za mkoa na mafuta yanayokwenda moja kwa moja viwandani. Takwimu za bandari hazifai kwa kazi hii. Mitungi ya gesi ya kupikia ulizia kwa mawakala wa jumla.

Omba takwimu za mwezi kwa mwezi. Ofisi nyingi zinafunga mwaka Juni, wewe unahesabu Januari hadi Desemba, na msimu wa korosho huanguka katikati kabisa ya mkanganyiko huo: malori yanajaa barabarani kuanzia Oktoba. Ukipewa jumla ya mwaka wa fedha tu, huna namna ya kuigawa kwa haki.

Hatua ya 3: Mkaa na kuni

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, vinaonyesha mkaa uliolipiwa ushuru tu, na mwingine mwingi haupiti getini. Nenda kwenye kaya. Chagua mitaa ya mjini na vijiji kadhaa, uliza wanapikia nini na kwa wiki wanamaliza kiasi gani, kisha panua kwa idadi ya kaya za sensa ya 2022.

Beba mizani. Gunia halina uzito mmoja. Lililofungwa lumbesa na lililofungwa kawaida yote yanaitwa gunia. Wanaonunua kwa kopo, pima kopo lenyewe.

Kwa kanuni za IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, hewa ukaa ya kuni na mkaa haiingii kwenye jumla ya nishati, kwa sababu upotevu wa miti huhesabiwa upande wa misitu. Ila metheni na nitrasi oksaidi zinaingia. Kuchoma tani moja ya mkaa jikoni ni kama kilo 170 za hewa ukaa linganifu (yaani kiasi cha hewa ukaa chenye athari sawa ya joto) kwa gesi hizo mbili. Maganda ya korosho yanayochomwa viwandani yafuate utaratibu huohuo.

Hatua ya 4: Zidisha

Vizidisho vya IPCC, kwa tani za hewa ukaa kwa terajuli (kipimo cha nishati): gesi asilia 56.1, dizeli 74.1, petroli 69.3, gesi ya mitungi 63.1. Kwa matumizi ya haraka:

- lita ya dizeli: karibu kilo 2.7
- lita ya petroli: karibu kilo 2.3
- mtungi wa kilo 15: karibu kilo 45
- futi za ujazo milioni 1 za gesi asilia: karibu tani 54

Kupata hewa ukaa linganifu, metheni zidisha kwa 28, nitrasi oksaidi kwa 265.

Kwenye kiwanda cha saruji, chukua mafuta, gesi na makaa yanayowasha tanuri tu. Hewa ukaa inayotoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakipata joto, karibu nusu tani kwa kila tani ya klinka (zao la tanuri linalosagwa kuwa saruji), ni ya sekta ya viwanda. Ni nyingi, na kuiingiza kwenye nishati kutaharibu picha yote.

Hatua ya 5: Kagua

Gawa tani za kituo cha umeme kwa megawati-saa ilizozalisha. Injini za gesi hutoa takribani nusu tani kwa megawati-saa, ukipata 0.1 au 2, kuna kipimo kimechanganywa, mara nyingi futi za ujazo na mita za ujazo. Kwa dizeli, linganisha mauzo ya sheli za Masasi na ya wilaya za jirani. Malori ya masafa marefu hujaza hapo na kuchomea Tunduru, mkoani Ruvuma, na si dhambi kuacha hivyo mradi uandike kwamba umetumia mauzo. Safu ya "chanzo na dhana" kwenye jedwali lako ijazwe siku ileile unapoingiza namba.