Kitenge cha rangi nyingi kinaendana na rangi gani?

Swali hili huwa naulizwa mwaka mzima hapa kwenye cherehani yangu, Mtwara mjini, lakini mwezi wa kumi ukifika, korosho zikianza kuuzwa na harusi kupangwa, ni asubuhi hadi jioni. Mteja anafungua kitenge mezani, na kabla sijakitazama: "Fundi, kola niwekee nyeusi tu, nyeusi haina makosa." Inayo. Nitafika huko.

Kwanza kitandaze kitenge chote, rudi nyuma hatua chache, ukitazame. Kuna rangi iliyotawala, kuna inayoifuata, na karibu kila mara ipo moja iliyojificha: kidoti katikati ya ua, au mstari mwembamba kwenye jani. Hiyo iliyojificha ndiyo ninayoitaka kwa kola, mifuko na utepe wa mikono. Dada mmoja wa Tandahimba aliniletea kitenge cha damu ya mzee chenye maua ya samli, na ndani ya kila ua kidoti cha bluu bahari. Alitaka kola ya samli. Nikamshikizia shingoni kipande cha bluu bahari, upana wa vidole viwili, nikampa kioo. Vile vidoti ambavyo hakuwa ameviona vikajitokeza gauni zima. Samli hakuitaja tena. Ila ni vidole viwili, jamani! Ukimshonea sketi nzima ya bluu ile, kitenge kimekufa.

Usipoona ya kuchukua ndani, nenda kwenye rangi zinazopingana: nyekundu na kijani, bluu na chungwa, njano na zambarau. Hizi hupandishana, lakini zikilingana ukali zinagombana na macho yanachoka. Weka vitambaa viwili pamoja, vipige picha kwa simu, kisha ibadilishe picha iwe nyeusi na nyeupe. Vikitoka kijivu kimoja, badilisha kimoja: kijani kiwe cha kuiva sana au kipauke.

Sasa hiyo nyeusi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, panapofumwa mapazia ya ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea. Akachunguza, akakuta weusi wenyewe hauna kasoro. Uliharibiwa na rangi zilizofumwa jirani nao. Aliyachapisha hayo mwaka 1839, na mimi nayaona kila wiki: kola nyeusi juu ya kitenge cha bluu iliyokolea inaonekana kama imefuliwa mara mia. Nyeusi iweke pembeni ya njano, chungwa au nyeupe, huko inang'aa. Kisutu tunachompa bibi harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakijamchosha mtu.

Dukani usiamini taa. Mwombe muuza duka utoke na vitambaa vyote viwili mpaka barazani, juani. Kahawia nyingi chini ya taa ni maruni nje, na utakayevaa utakuwa nje. Uzi nao, vuta kidogo uulaze juu ya kitambaa. Ukiwa kwenye kigurudumu unaonekana umekolea kuliko utakavyoonekana ukishashonwa, kwa hiyo kati ya miwili chukua ulioiva zaidi.

Sare za kamati, msilazimishane rangi moja ya kitambaa kitupu. Kitenge kiwe kimoja, kilemba kila mtu achague rangi yake kutoka humohumo. Mnapendeza wote, mweusi na mweupe.

Kabla ya kuunganisha nyekundu na nyeupe, lowanisha kitambaa cheupe chakavu, usugue ile nyekundu kwa nguvu. Kikitoka na wekundu, ifue peke yake kwanza, au achana nayo. Itachuja na kumharibia mtu gauni. Na kama sherehe iko Newala na gauni linaburuza, nyeupe ibaki juu ya kiuno. Vumbi jekundu la kule linaingia kwenye pindo na halitoki kirahisi.