Namna ya kudumu katika sala na Neno bila kuishia njiani

Wengi huanza kwa moto: kuamka usiku wa manane, sura 10 kwa siku, mfungo juu ya mfungo. Wiki chache baadaye wamechoka, wanajiona wakosaji, na wanaacha hata kile kidogo walichokuwa wakikimudu. Anza na kiasi utakachokiweza hata siku uliyochoka kabisa. Dakika 15 zinatosha, saa ile ile, mahali pale pale, simu ikiwa chumba kingine. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, na amri ya kumkataza ilipotiwa sahihi aliendelea vile vile kama alivyozoea. Asingekuwa na mazoea hayo, siku ile angeanzia wapi?

Kwa usomaji, Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja siku tano kwa wiki, unalimaliza katika wiki 52, na kila wiki unabaki na siku mbili za kufidia ulizokosa. Ukikosa zaidi ya hapo, usijilimbikizie deni. Endelea na sura inayofuata. Tarehe ya kumaliza itasogea, basi. Anayejaribu kulipa sura 12 kwa jioni moja husoma kwa macho tu, na kesho yake hataki hata kuiona Biblia.

Kungoja ndiko kugumu zaidi. Chukua daftari, lichore safu tatu: tarehe, ombi, na kilichotokea. Ombi liwe mahususi. "Bwana, bariki familia yangu" hutajua limejibiwa lini. Andika hivi: "Nipe neno la kumwambia kaka yangu, hatusemeshani tangu mazishi." Mwisho wa mwezi pitia safu ya tatu. Mengine yatakuwa yamejibiwa na ulishasahau kuwa uliomba. Mengine utayaona yamebadilika kwa sababu wewe umebadilika. Lisilojibiwa liandike upya kwa tarehe mpya. Na ukiwa na uchungu, useme: Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, nayo ni sala halali kabisa.

Jihadhari na katikati ya safari. Abrahamu, aliyeahidiwa uzao na Mungu, aliitoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka akazaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Shauri la kupata mtoto kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara, lilikuja baada ya miaka 10 hivi huko Kanaani, ahadi ilipoanza kuonekana imechelewa mno. Njia ya mkato inapokujia, ipe siku saba kabla ya kuamua, na umweleze mtu mmoja mkomavu. Ukiona unamficha, hilo nalo ni jibu.

(Uvumilivu hauna maana ya kukaa kimya unapopigwa au kunyanyaswa. Tafuta msaada mara moja.)

Uaminifu wa mambo madogo nao ni zoezi la kila siku: fika saa uliyosema, rudisha chenji iliyozidi, mwombee kweli uliyemwahidi, ikiwezekana palepale mkiwa wote.

Kupima kama unakua, usiangalie ulivyojisikia ibadani. Baada ya miezi sita waulize unaoishi nao: siku hizi nikikosewa, huchukua muda gani kusamehe? Wakijibu, usijitetee.