Kufufua Hilux ya zamani bila kuilaza: mwongozo kutoka Arua

Pikapu nyingi kuukuu ninazoziona zimelala kwenye nyua za hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ziliingia zikitembea zenyewe. Mwenyewe alishusha injini wiki ya kwanza, akang'oa kabini wiki ya pili, pesa ikakatika, na sasa kuku wanataga ndani. Gari lisilotembea huliwa. Leo jirani anaazima alteneta, kesho mtu anaomba tairi la akiba, mwezi ujao hata vioo havipo.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: usifungue kitu cha pili kabla cha kwanza hakijafungwa na gari halijazunguka mtaa. Wapo mafundi wazuri watakaokuambia kwamba kuvua kila kitu hadi ibaki chasisi tupu ndiyo kazi safi zaidi. Ni kweli, ikiwa una banda lenye kufuli na mshahara usiochelewa.

Nazungumzia hasa Toyota Hilux ya kizazi cha tano, ile iliyotoka kati ya 1988 na 1997, kwa sababu ndiyo niliyoizoea na spea zake bado zipo. Injini zake za dizeli, 2L ya cc 2446 na 3L ya cc 2779, hazina kompyuta. Pampu ya dizeli inafanya kazi yake kwa gia na springi, kwa hiyo mtu mwenye spana, subira na kitabu cha injini anafika mbali. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Nissan na Mitsubishi za rika hilo. Na usitegemee kuagiza nyingine kutoka nje: tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kutoa pesa

Anza na karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye boriti ya kulia ya chasisi upande wa mbele, karibu na gurudumu. Isafishe kwa brashi ya waya uisome mwenyewe, kisha ilinganishe na kadi ya gari. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Pikapu hizi zimebadilishwa injini mara nyingi, na si kosa, mradi badiliko limeandikishwa. Zamani mambo haya yalikuwa ya URA, mamlaka ya mapato, sasa usajili uko Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Kadi ikisema petroli na chini ya boneti kuna dizeli, mwache muuzaji atengeneze karatasi kwanza, ndipo mzungumze bei.

Njoo asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji akikuambia, "Bosi, nimeshaipasha moto ili usisumbuke," rudi kesho yake kabla jua halijatoka. Moshi mweusi unaotoka ukikanyaga mafuta mara nyingi ni chujio la hewa au nozeli zinazonyunyizia dizeli, si msiba. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ndio wa kuogopa, hasa kama maji ya radieta nayo yanapungua. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha radieta. Mapovu yanayopanda mfululizo injini ikinguruma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi au kwenye ufa wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Hedi za 2L zina sifa mbaya ya kupasuka zikichemka.

Halafu lala chini ya gari. Chukua nyundo ndogo ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Tazama sana pale sanduku la usukani linapofungwa kwenye boriti, maana miaka ya mashimo ya barabara hupasua hapo. Bodi iliyooza inashonwa. Chasisi iliyopinda mwachie mwenyewe.

Hatua ya 2: Osha, piga picha, weka alama

Udongo wetu mwekundu unajificha ndani ya boriti na juu ya tangi, na unakaa na maji kama sifongo. Osha chini ya gari kwa maji ya nguvu hadi yatoke meupe, kisha liache likauke juani siku nzima. Kila unachokifungua kipige picha kwanza. Bolti za kitu kimoja ziingie kopo moja lenye jina. Kila waya unaouchomoa ufungie kipande cha tepu chenye namba. Fundi atakayekuambia anakumbuka yote kichwani, mpe chai, lakini tepu funga.

Hatua ya 3: Breki kabla ya injini

Watu wananishangaa nikianza hapa, lakini gari likigoma kuwaka halimuumizi mtu.

Liweke juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki peke yake wala matofali. Nyuma kuna ngoma na viatu, mbele diski na pedi. Badilisha mipira ya silinda za magurudumu hata kama haivuji, na hosi zote za mpira zilizopasukapasuka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ya zamani yamwage yote uweke mapya ya DOT 3 kutoka kopo lisilofunguliwa. Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha ya mbele.

Juu ya ekseli ya nyuma utaona kijiti cha chuma kinachopanda hadi kwenye vali. Vali hiyo inasoma uzito: bodi ikishuka kwa mzigo inaongeza nguvu ya breki za nyuma, bodi ikipanda inapunguza. Wengi huikuta imeganda wakaifunga kwa waya. Isafishe, ipake grisi kwenye maungio, na uikumbuke tutakapofika kwenye kuinua gari, kwa sababu gari lililoinuliwa linaidanganya vali kwamba daima halina mzigo.

Funga. Zunguka mtaa.

Hatua ya 4: Maji, mkanda na dizeli

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza kubwa inapaswa kwenda, na ndipo ninapogombana na mafundi wengi.

Ukifungua nyumba ya thamostati, ile vali inayoachia maji yaende kwenye radieta injini ikipata moto, kwenye Hilux ya zamani, mara nyingi utaikuta tupu. Mtu aliitoa gari lilipochemka, akasema nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Thamostati haiko pale kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Nyingi pia zina kisahani cha chini ambacho, zikifunguka, hufunga njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye radieta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa, na ukipanda mlima na mzigo unachemka zaidi ya mwanzo. Rudisha thamostati. Ijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji na kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi zilizogongwa juu yake, mara nyingi 82.

Radieta usiimwagie maji tu. Itoe, mpelekee fundi wa radieta afungue vifuniko na kupitisha fito ndani ya mirija. Badilisha kifuniko chake, maana ndicho kinachoshikilia shinikizo, na maji yenye shinikizo huchelewa kuchemka. Kisha feni: injini ikiwa imezimwa na ina moto, izungushe kwa mkono. Ikizunguka bila ukinzani wowote, klachi yake imekwisha. Jaza mchanganyiko wa dawa ya radieta na maji safi, nusu kwa nusu. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa.

Mkanda wa taiming, unaopanga vali zifunguke kwa zamu na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kwenye gari ambalo historia yake ni maneno ya muuzaji, ubadilishe sasa pamoja na beringi inayoukaza. Kwenye injini hizi mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni.

Dizeli ya madumu ina maji. Chini ya chujio kuna skrubu ya kumwagia, ifungue mara kwa mara hadi itoke dizeli tupu, kisha pampu ya mkono iliyo juu ya chujio itarudisha mafuta na kutoa hewa.

Spea nyingi ninatoa soko la Kisekka, Kampala, na zinakuja kwa basi la usiku. Ukienda mwenyewe, beba kile cha zamani mkononi. Maneno "ya Hilux" peke yake yatakupatia kitu cha Hilux nyingine. Na ukiambiwa silinda hedi ya mtumba ni nzima, iwe imepimwa kwa shinikizo la maji mbele yako.

Hatua ya 5: Kutu na bati

Kutu ya huku inatoka kwenye tope lililonaswa. Inua zulia la kabini, zibua matundu ya maji chini ya milango, tazama chini ya kioo cha mbele na pembe za nyuma za kabini. Kata hadi ufike chuma kinachong'aa. Kupaka pati juu ya kutu ni kuifunika ili ile vizuri.

Kabla ya kuchomelea, chomoa waya hasi wa betri na waya za alteneta, sogeza kila kitu chenye dizeli, na uweke mtu na ndoo ya mchanga. Bati la bodi lina unene wa kama milimita 1, na welding ya fimbo inalitoboa. Tafuta fundi wa gesi au mwenye mashine ya waya, apige nukta fupi akirukaruka pembe hadi pembe ili bati lisijikunje. Chasisi ni jambo jingine. Ufa wake uzibwe, kisha uongezewe kipande cha chuma chenye pembe za mshazari. Mshono unaokata boriti wima kutoka juu hadi chini ndio mahali itakapovunjika tena.

Oili chafu ya injini ndani ya boriti? Inazuia kutu, ila inaozesha bushi za mpira na kuchafua udongo. Nta ya kuzuia kutu inadumu zaidi.

Hatua ya 6: Rangi

Nitakuwa mfupi, kwa sababu rangi ni msasa tu: namba 80 kwenye pati, 180, 320, halafu praima, halafu 600 na maji. Ngoja siku ya asubuhi isiyo na upepo, mwagia sakafu maji vumbi litulie. Rangi zenye hadena zina kemikali zinazoharibu mapafu. Vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kitambaa puani hakizuii chochote. Ukibadilisha rangi ya gari, kadi nayo ibadilishwe, au kila kizuizi cha polisi kitakuwa na maswali.

Hatua ya 7: Sasa lipambe

Ukitaka kuinua, sentimita 5 zinatosha. Springi za jani zilizolala zipelekwe zikakunjwe upya, au ongeza jani moja. Kisha rekebisha kile kijiti cha vali ya breki ili kirudi pembe yake ya zamani, na hakikisha hosi za breki hazivutiki ekseli ikining'inia. Tairi za inchi 31 badala ya 205R16 zina kipenyo kikubwa kwa kama asilimia 6, kwa hiyo mshale wa spidi ukionyesha 80 wewe uko karibu 85. Injini nayo itahisi uzito huo kila mlima.

Taa za ziada: mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta zaidi ya ampea 9. Usizitoe kwenye swichi ya taa za zamani. Waya mnene kutoka betri, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa), na swichi ya dashibodi iamuru rilei tu. Nimeona dashibodi zilizoyeyuka kwa kupuuza hili.

Viti wape washonaji wa huku huku. Ila chagua kitambaa, si plastiki. Joto la Februari likija utanishukuru.

Hatua ya 8: Jaribio

Pakia kama kilo 500 za mchanga, teremka Nebbi hadi Pakwach, ambako kando ya Naili joto halina huruma, kunywa soda, kisha panda kurudi saa nane mchana. Mshale wa joto usipite katikati. Ukipita, punguza gia, usizime injini ghafla, simama uiache ingurume kwanza, wala usiguse kifuniko cha radieta.

Ukifika nyumbani, gari likipoa, pita na spana: yuu-bolti za springi, nati za magurudumu, bolti za sanduku la usukani. Zote zitakuwa zimelegea kidogo. Zikaze, pima maji na oili, andika kilomita kwenye daftari.