Namna ya kuizindua injini ya mvuke iliyokarabatiwa na kupakwa rangi mpya

Injini ya mvuke ikishatoka karakanani ikiwa na rangi mpya, waandaaji wengi hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kutafuta mgeni rasmi, hema na utepe wa kukata. Kwa kweli uzinduzi huanza siku rangi inapochaguliwa, kwa kuwa rangi ya injini ni tamko: inasema injini ilikuwa mali ya nani, ilifanya kazi zama zipi, na leo inatunzwa kwa niaba ya nani. Atakayesimama mbele ya wageni lazima awe tayari kujibu swali kuhusu kila herufi na kila mstari ulioko ubavuni mwake. Mwongozo huu unawalenga watu wa makumbusho, vikundi vya urithi, vyuo vya ufundi na manispaa za miji ya Uganda iliyokua pamoja na reli, kama vile Tororo, Jinja, Soroti na Kasese.

Uamuzi unaotangulia yote

Kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, amueni kama injini itawashwa moto au itabaki kuwa kielelezo kisichotembea. Injini isiyotembea inahitaji msingi imara, reli fupi ya kusimamia na paa. Sherehe yake ni nyepesi. Injini itakayowaka inahitaji boila iliyokaguliwa na mhandisi mwenye mamlaka, iliyojazwa maji baridi na kupimwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazi, kisha ikapimwa tena kwa mvuke wenyewe. Vipimo hivyo vifanyike kabla ya rangi ya mwisho. Wapo wanaogeuza utaratibu huu ili picha zianze kusambaa mapema, nao hulazimika baadaye kufungua mabati ya boila na kukwangua kazi waliyokwisha kuilipia.

Kuna pia suala la mwenye mali. Injini nyingi, njia na viwanja vya stesheni nchini vipo chini ya Shirika la Reli la Uganda, kwa hiyo idhini ya maandishi ya kupaka rangi, kuisogeza injini na kukusanya watu kando ya njia iombwe mapema, hasa ikiwa mahali penyewe panapitiwa na treni za mizigo za Malaba na Kampala.

Rangi ipi, na kwa hoja gani

Hapa ndipo ninapowasihi waandaaji wasiwe na haraka. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Ziwa Victoria, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901, na kwa miaka mingi baadaye shehena za Uganda zilivushwa kwa meli. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912. Treni zilipata njia ya moja kwa moja hadi Kampala mwaka 1931, daraja la mto Nile pale Jinja lilipokamilika, na tawi la magharibi likafika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Katika muda huo wote wenye reli walibadilika: Reli ya Uganda iliitwa Reli ya Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1926, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka 1948, ikagawanywa na reli kupewa shirika lake mwaka 1969, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977 likazaliwa Shirika la Reli la Uganda. Injini moja ingeweza kupitia tawala tatu kati ya hizo, na kila utawala ulikuwa na desturi zake za rangi na herufi.

Rangi inayokumbukwa zaidi ni damu ya mzee ya zama za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, nayo ina mvuto mkubwa kiasi kwamba kila kikundi hutamani kuipaka, hata kwenye injini ambayo huenda haikuivaa kamwe. Njia ya kujua ukweli ni kuchimba. Tafuteni mahali pasipofikiwa na jua, kwa mfano nyuma ya kibao cha namba au ndani ya kibanda cha dereva, mpasugue polepole kwa msasa laini uliolowanishwa maji hadi tabaka za rangi zijitokeze moja baada ya nyingine kama duara za umri katika shina la mti. Pigeni picha za tabaka hizo kwenye mwanga wa mchana, kisha mziache jinsi zilivyo chini ya kibao. Atakayekuja baada yenu atazihitaji.

Picha za zamani zitasaidia kwa herufi na mistari, lakini nyingi hazina rangi, na zile zenye rangi hubadilika kadiri zinavyozeeka. Injini zinazohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, miongoni mwao Garratt (injini ndefu ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu ya kuendeshea) ya daraja la 59, yaani aina ya 59, iitwayo Mount Gelai, zinafaa kutazamwa kwa mpangilio wa vibao na mistari, ila mkumbuke kwamba nazo zimekwisha kupakwa upya, na kwa hiyo si ushahidi wa rangi ya awali.

Majina ni sehemu ya vazi hilo. Injini za daraja la 31, zilizotengenezwa na Vulcan Foundry ya Uingereza mwaka 1955 na 1956, zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Za daraja la 59 zilipewa ya milima. Za daraja la 60 zilipewa ya magavana wa kikoloni, na vibao hivyo vya magavana viliondolewa baada ya uhuru. Kurudisha jina la gavana au kuliacha nje si jambo la fundi wa rangi kuamua peke yake. Liamuliwe na kamati, na sababu iandikwe kwenye bango la maelezo.

Je, inaruhusiwa kubuni rangi mpya kabisa, tuseme nyeusi, manjano na nyekundu za bendera, pamoja na korongo wa taifa? Kwa maoni yangu inaruhusiwa, mradi bango liseme wazi kwamba hiyo ni rangi ya mwaka huu na si ya zamani, na mradi chini yake kuwe na kumbukumbu ya rangi zilizotangulia. Kinachonikera ni mchanganyiko: herufi za miaka ya hamsini, mistari ya miaka ya thelathini na namba iliyobuniwa, vyote vikizinduliwa kwa jina la historia.

Kazi ya rangi yenyewe

Rangi za zamani huwa na madini ya risasi, na vifuniko vya joto vinavyozunguka boila za zamani aghalabu vina asbesto. Kukwangua vitu hivyo kwa brashi ya waya huku vijana wa mafunzo wakitazama bila barakoa ni kuwatia maradhi. Asbesto iondolewe na watu waliofunzwa kazi hiyo, na rangi kuukuu ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, na taka zake zikusanywe.

Chuma kikishakuwa safi kipakwe rangi ya msingi siku hiyo hiyo, kwa sababu katika mji kama Jinja, ulio kando ya ziwa, kutu huanza kabla ya kesho yake asubuhi. Mafundi hufuata kanuni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85 na chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Kwa lugha ya kawaida ni kwamba msipake alfajiri, msipake mvua ikinyemelea, na mkiweza pangeni kazi iangukie Juni na Julai au kati ya Desemba na Februari, nje ya misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Injini haipakwi rangi ya aina moja kuanzia mbele hadi nyuma. Mabati ya boila, tangi na kibanda hustahimili rangi ya mafuta yenye kung'aa, kwa kuwa chini ya mabati kuna kizuizi cha joto. Sanduku la moshi lililoko mbele, pamoja na dohani, hupata joto kali mno kwa rangi hiyo na huhitaji rangi nyeusi maalumu ya kustahimili joto. Ukiitumia ya kawaida itababuka siku ya moto wa kwanza, pengine mbele ya waziri. Fito za chuma zinazoyazungusha magurudumu ziachwe wazi na kupakwa grisi. Matundu ya mafuta yazibwe kwa muda na yafunguliwe kazi ikiisha, na namba zilizogongwa kwenye chuma zisijazwe puti wala kufunikwa kwa rangi nzito, kwani ndizo zinazoonyesha kipande kipi kilitoka kwenye injini ipi. Mistari myembamba ivutwe mwisho, kabla ya vanishi ya kukinga jua, na ikiwezekana ivutwe kwa mkono na mwandishi wa mabango. Mjini hawakosekani watu wenye mkono uliotulia kwa kazi hiyo.

Kufunua bila kuunguza

Desturi ya kufunika kitu kizima kwa kitambaa na kukivuta kwa kamba inafaa kwa sanamu. Kwa injini yenye moto ni hatari, kwa sababu kitambaa kitagusa dohani au vali za usalama, na hata kwa injini baridi kamba na turubai zinazoburuzwa hukwaruza vanishi ambayo bado ni changa. Nashauri mojawapo ya njia mbili. Kama kuna banda, milango ifunguliwe na injini itoke polepole kwa nguvu zake yenyewe au ikisukumwa na injini ya dizeli iliyofichwa nyuma. Kama hakuna banda, funikeni kibao cha jina na namba tu kwa kitambaa kidogo cha pamba, kilichofungwa kwa fundo la kufunguka kwa mkono mmoja, na mgeni rasmi apande kijukwaa kilicho imara kukifungua.

Ratiba ya siku iandikwe na mtu wa itifaki akishirikiana na dereva wa injini, wala asiachiwe mmojawao peke yake. Boila kubwa hupashwa moto taratibu kwa saa nyingi ili chuma kisipanuke kwa ghafla, hivyo wachochea moto wataanza kazi usiku wa kuamkia sherehe. Kisha huja nyimbo: Wimbo wa Taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kama shughuli iko Jinja, wimbo wa Busoga. Huja sala, huja salamu za mwenyekiti wa mtaa, wa wilaya, na wa kila aliye na kiti mbele. Wakati huo wote mvuke unaongezeka. Shinikizo likifika ukomo wake vali za usalama hufunguka kwa mngurumo unaomeza hotuba yoyote, na mchochea moto asipoelezwa ratiba hataweza kulishusha mapema. Hotuba tatu fupi zinatosha, na iwe dakika zinazojulikana.

Saa nayo ina maana. Karibu na ikweta jua la saa sita hukaa utosini, na magurudumu na fito, ambavyo ndivyo uzuri wa injini ya mvuke, hubaki gizani chini ya mabati. Saa tatu hadi saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, mwanga hupiga ubavuni. Jueni mapema ni ubavu upi, na viti viwekwe upande huo. Angalieni pia upepo. Mchana upepo wa ziwa huelekea nchi kavu, na hema likiwekwa upande wa injini ulio mbali na ziwa litapokea moshi wote.

Umbali wa watazamaji usiachiwe hisia. Injini iliyosimama muda mrefu huwa na maji ndani ya silinda, na dereva anapoondoka hufungua vali za kuyatoa. Mvuke wa moto hurushwa kando, mbele ya magurudumu, mahali hasa ambapo wapiga picha hupenda kuchuchumaa. Kamba ya kuzuia watu iwe mbali kwa hatua kumi au zaidi, na pawe na mlinzi mmoja asiye na kazi nyingine ila eneo la silinda. Dohani nayo, katika mipigo ya kwanza, inaweza kunyunyiza matone meusi ya maji na masizi. Wageni waliovaa kanzu nyeupe na gomesi wakalishwe nyuma zaidi, na watoto waambiwe kabla kwamba honi itapigwa.

Wazee waliofanya kazi relini wakati wa mvuke, ambao wengi bado huzungumza Kiswahili walichokikuta karakanani, waalikwe kwa barua na kupewa nafasi ya heshima. Mmoja wao, akiwa na afya, ndiye anayestahili kumweleza mgeni rasmi kazi ya kila chombo kibandani. Kufanya hivyo kunazidi thamani ya zawadi ya fremu.

Baada ya wageni kuondoka

Injini ifutwe kwa vitambaa laini ikiwa bado ina uvuguvugu, kwa sababu masizi yakichanganyika na umande hutengeneza tindikali inayokula vanishi na chuma. Maji ya boila yashughulikiwe na fundi kama ratiba ya mhandisi inavyosema, na dohani ifunikwe kwa bati ili mvua isiingie kwenye sanduku la moshi. Andikeni kwenye daftari jina na namba ya kila rangi iliyotumika, kampuni iliyoitengeneza na tarehe ya kila koti, na hifadhini kopo moja lililofungwa kwa ajili ya viraka. Miezi mitatu ikipita, kagueni kingo za chini za mabati ya boila na pembe za tangi, mahali maji yanapotuama, mtafute malengelenge madogo ya rangi. Yakionekana, yakwanguliwe hadi kwenye chuma na kupakwa upya kabla msimu wa mvua haujaanza.