Unajuaje kama kazi yako unaipenda au umeizoea tu

Kwanza usijiulize jumatatu asubuhi, siku hiyo kila mtu anaichukia kazi yake. Chukua daftari, wiki mbili hivi, kila ukitoka job andika kitu kimoja kilichokupa raha na kimoja kilichokuboa, basi, usiandike insha.

Halafu zitenganishe hizo kero, hapa ndo penye utamu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, mwaka 1959 alitoa matokeo ya kuwahoji mainjinia na wahasibu kama 200, akaona vinavyomkera mtu kazini (mshahara, bosi, sheria za ofisi) sio vilevile vinavyompa raha, raha inatoka kwenye kazi yenyewe, kumaliza kitu ukakiona kimekamilika, kusifiwa, kuachiwa jukumu. Yani ukiongezewa hela manung'uniko yanapungua ila kazi inayoboa inabaki kuboa. Wapo waliompinga, na mimi nasema hela ikiwa haitoshi kabisa hata hiyo raha huisikii, lakini kwa wengi wetu naona kapatia.

Sasa kama daftari limejaa mambo ya bosi na malipo, kaongee, omba nyongeza au anza kutafuta kwingine taratibu (usiache kazi kwa hasira jamani). Kama kazi yenyewe ndo inakuchosha, omba ubadilishiwe majukumu, au upewe kitu kimoja ukianze na kukimaliza mwenyewe, hata kidogo, alafu endelea kuandika wiki mbili nyingine uone.